Pedi Mpya, Pistoni Kuukuu

Gari halikuwa na tatizo lolote mpaka siku lilipobadilishwa pedi. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Ni Land Rover 110 lililomaliza ujana wake Arusha likibeba watalii, likaja kuzeekea kwangu Tanga. Pedi za mbele zilipokwisha, fundi wa jirani alizitoa, akapenyeza bisibisi kubwa kati ya diski na pistoni, akazirudisha pistoni ndani kwa nguvu za mkono, akapachika pedi mpya. Kazi ya saa moja. Kesho yake gari likaanza kuvuta kushoto kila nikigusa breki. Siku ya tatu rimu ya kushoto ikawa haishikiki kwa joto, na upande wa kulia, nyuma ya tairi, kukawa na mchirizi wa mafuta ya breki.

"Mzee, pedi ulizoletewa ni feki," fundi akaniambia.

Kwetu kila kitu kinacholeta balaa baada ya kununuliwa ni feki, na mara nyingi ni kweli. Safari hii pedi zilisingiziwa. Nimeamua kuieleza kazi tuliyoifanya baada ya hapo, hasa namna tulivyochagua pistoni mpya, kwa sababu naona magari mengi yakibadilishwa kalipa nzima, au mbaya zaidi yakifungwa kalipa kuukuu nyingine kutoka gari lililokufa, wakati kilichooza ni kikombe kimoja cha chuma kinachoenea kiganjani.

Kalipa ya mbele ya 110 ina pistoni nne, mbili kila upande wa diski. Magurudumu mawili, pistoni nane. Kila pistoni ni kikombe kinachokaa ndani ya tundu lake. Mafuta husukuma kitako cha kikombe, na mdomo wa kikombe husukuma pedi. Kinachozuia mafuta yasivuje ni sili, pete ya mpira yenye kingo za mraba, iliyokaa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya tundu. Pete hii haiendi popote. Pistoni ndiyo inayopita katikati yake. Kwa hiyo uso unaoziba mafuta ni uso wa pistoni, si ukuta wa tundu. Ukuta unaweza kuwa na madoa ya kutu hapa na pale na kalipa ikafanya kazi miaka mingi, mradi mfereji wa sili ni mzima. Pistoni yenye kidonda kimoja mahali sili inapobana haifai tena.

Mafundi wetu wengi walijifunzia breki za dramu, na kule mambo ni kinyume: mpira husafiri pamoja na pistoni na ukuta wa silinda ndio unaoziba. Ndiyo maana utamwona fundi mzoefu kabisa akimulika tundu la kalipa kwa tochi, akipitisha kidole, akiguna, halafu pistoni yenyewe anaifuta kwa kitambaa na kuirudisha bila kuitazama mara mbili.

Pete hiyo ya mraba ina kazi ya pili. Pistoni inaposukumwa nje, mpira hupinda kidogo ukiifuata. Ukiachia pedali, mpira hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma, sehemu ndogo tu ya milimita, ili pedi isiendelee kusugua diski. Hakuna springi humo ndani inayorudisha pistoni. Kazi yote ni ya mpira. Mpira ukiwa mgumu, au uso wa pistoni ukiwa na makwaruzo, pistoni hairudi, gurudumu hubaki limeshikwa, na rimu huwa ya moto kama ile yangu.

Sasa turudi kwenye pedi. Pedi inavyolika, pistoni husogea nje kuifuata: kila milimita ya pedi iliyoisha ni milimita ya pistoni iliyokaa nje moja kwa moja. Kwenye saluni nyingi za Toyota sehemu hiyo ya nje hufunikwa na mpira wa vumbi wenye mikunjo, kama akodioni. Kwenye kalipa ya gari langu hakuna akodioni. Mdomoni mwa tundu kuna pete ya pili ya kufuta, iliyoshikiliwa na mkanda mwembamba wa bati, basi. Inazuia tope lisiingie, lakini kilichokwisha kutoka nje kimeachwa uchi. Vumbi la njia za mbugani lilikuwa limekikwangua kwa miaka, kisha chumvi ya Tanga ikakuta kazi imeshaanza.

Kwa miaka miwili ukanda huo wenye kutu ulikaa nje, mbali na sili, haumdhuru mtu. Siku ya pedi mpya, bisibisi ikausukuma ndani, kutu na vyote, ukapita kwenye sili. Upande mmoja kutu ikachana mpira, mafuta yakatoka. Upande mwingine ikaingia kama kabari, pistoni ikakwama. Pedi mpya hazikuwa feki. Zilikuwa nene tu.

Kuzitoa pistoni nane ni simulizi nyingine na sitaieleza kwa kirefu. Tulitumia upepo wa kompresa kidogo kidogo, kipande cha mbao kikiwa katikati ya kalipa na pistoni tatu zikishikiliwa ili moja itoke. Tahadhari moja tu: pistoni ikitoka kwa upepo hutoka kama risasi, na asiyeweka mbao hupoteza ncha ya kidole. Ikiwa kalipa bado imeungwa kwenye gari, afadhali utumie pedali yenyewe kuzisukuma.

Mezani, zilizooshwa, pistoni zile zilionekana nzuri kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Zilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Kromu si rangi. Ni tabaka la chuma kingine, gumu sana na jembamba sana, lenye nyufa ambazo jicho halizioni. Maji hupenya kwenye nyufa, kutu huanzia chini, halafu huinua kromu kama malengelenge. Ukipitisha ukucha unasikia kijipele. Tano kati ya nane zilikuwa na vijipele, na vyote vilikuwa kwenye ukanda uleule uliokuwa nje.

Fundi alishika msasa. Nikamshika mkono. Msasa huondoa kijipele pamoja na kromu iliyokizunguka, unabakiwa na chuma kitupu ambacho kwa hewa ya pwani kitashika kutu kabla ya mwezi kuandama mara mbili. Tena mikwaruzo ikifuata urefu wa pistoni, kila mkwaruzo ni mfereji wa kupitishia mafuta chini ya sili. Pistoni iliyomenyeka haitengenezwi, inatupwa.

Uchaguzi wenyewe ndio huu. Pistoni za kalipa duniani ni za aina nne hivi. Kuna chuma kilichopakwa kromu, kama zangu za mwanzo. Kuna alumini, ambayo ni nyepesi lakini hupitisha joto haraka na uso wake ni laini. Kuna plastiki ngumu ya fenoli, ndugu wa bekalaiti, ile ya vishikio vyeusi vya masufuria ya zamani. Na kuna stenlesi.

Fenoli haioti kutu kabisa, na hupitisha joto kwa kiasi cha karibu moja ya mia ya kile kinachopitishwa na chuma. Kwa breki hiyo ni sifa kubwa, kwa sababu joto likifika kwenye mafuta yakachemka, pedali inazama mpaka sakafuni. Lakini fenoli za mwanzo, zilizofungwa kwenye magari ya Marekani miaka ya 1970, zilijipatia jina baya kwa kuvimba na kukwama, na hata za sasa hazipendi bisibisi: mdomo hubanduka kipande. Ikiwa gari lako lilitoka kiwandani na fenoli, rudisha fenoli, kwani waliolibuni walipiga hesabu ya joto wakiwa na fenoli mkononi. Kwa 110 sikuwa na sababu ya kuitafuta.

Ushindani ulibaki kati ya kromu mpya na stenlesi. Stenlesi ina wapenzi wengi Uingereza, kwa wenye Land Rover na magari mengine ya zamani, na sababu yao inafanana na yetu kuliko mtu anavyoweza kudhani. Kule wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula kalipa. Sisi yetu inaletwa na upepo wa bahari, bure, mwaka mzima.

Ila stenlesi ina tabia mbili za kuzijua kabla ya kutoa fedha. Ya kwanza ni kutanuka. Aina ya stenlesi inayotumika sana hutanuka kwa joto zaidi ya chuma cha kawaida: kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, takriban sehemu 17 kwa milioni, dhidi ya 12 za chuma na kama 11 za chuma cha kusubu ambacho ndicho mwili wa kalipa. Chukua pistoni ya kipenyo cha milimita 40 ipate joto la nyuzi 150 zaidi. Ya chuma itanenepa kwa maikroni 72, ya stenlesi kwa 102, na tundu nalo litapanuka kwa 66. Maana yake nafasi kati ya pistoni na tundu hupungua kwa maikroni 6 ukitumia chuma, na 36 ukitumia stenlesi. Unywele wa kichwani una unene kama mara mbili ya hizo 36. Ni kidogo, lakini si sifuri, na aliyetengeneza pistoni ya stenlesi lazima awe ameiacha nafasi hiyo. Pistoni inayoingia tundu kwa kubana vizuri asubuhi inaweza kushikwa mchana.

Mchana ninaouwaza ni wa barabara ya Lushoto kushuka Mombo. Ni zaidi ya kilomita 30 za kona, na unashuka karibu mita 1,000. Gari la tani mbili likishuka kiasi hicho linaachia nishati ya kutosha kuchemsha lita 60 za maji kutoka ubaridi wa bombani. Sehemu yake huliwa na injini ukishuka na gia ndogo, sehemu na upepo na matairi. Inayobaki yote inaingia kwenye breki. Dereva anayeshuka kule kwa gia ya nne huku mguu uko kwenye pedali anachemsha chai ndani ya kalipa zake.

Hapo tabia ya pili ya stenlesi inageuka kuwa ya faida: hupitisha joto kama theluthi moja tu ya chuma cha kawaida. Joto la pedi huchelewa kufika kwenye mafuta. Na mafuta yetu yanahitaji huruma hiyo, kwa sababu hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji kwa kiwango kinachotumiwa katika vipimo, kima hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kopo lililofunguliwa tangu mwaka juzi likakaa kwenye rafu ya gereji Tanga, mimi nalihesabu kuwa lina maji.

Kabla ya kuagiza nilikwenda kwa mkereza vyuma, mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza iliyozidi umri wangu. Nilitaka kujua kama tunaweza kujitengenezea. Alikuwa na kipande cha mche wa stenlesi, akanikerezea pistoni moja ya mfano kwa nusu siku, inang'aa kama kikombe cha kanisani. Tukaipima kwa maikromita mahali patatu. Mwisho mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine kwa sehemu tano za mia za milimita, yaani maikroni 50, zaidi ya nafasi yote inayoliwa na kutanuka. Na ukipitisha ukucha, unausikia mchirizi wa kisu cha mashine ukizunguka kama nyuzi za parafujo.

"Mwanangu, hii inataka kusagwa kwa jiwe, si kukerezwa," akasema mwenyewe. "Mashine ya kusaga mimi sina. Nikikuuzia hii nitakuwa nakuuzia jeneza."

Hakutaka hata fedha ya kipande chake. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia pistoni za kukerezwa zikisifiwa, na nasema wazi: umbo la kikombe ni jepesi, lakini uso si mwepesi. Pistoni ya kalipa humalizwa kwa kusagwa na kung'arishwa mpaka sili isione tofauti. Karakana yenye mashine ya kusaga na mtu wa kupima inaweza. Isiyo nayo iache.

Basi nikaagiza Dar es Salaam pistoni nane "za stenlesi". Zilipofika nilifanya jambo ambalo naomba kila mnunuzi alifanye, nikatoa sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Ikashika kwa kishindo, zote nane. Zilikuwa chuma chenye kromu, kwa bei ya stenlesi. Muuza duka aliposikia habari ya sumaku hakubisha, alizipokea na kunitumia nyingine, na hizo sumaku ikateleza. Kipimo hiki kina kasoro yake: ziko stenlesi halali zinazoshika sumaku, na sumaku haikwambii kama chuma ni kizuri. Inachokwambia ni kama muuzaji anakijua anachouza.

Baada ya sumaku ni maikromita. Nilipima kila pistoni mpya dhidi ya sehemu nzima ya pistoni ya zamani, ile ya ndani ambayo haikuguswa na kutu, kwa kuizungusha na kupima mara kadhaa ili kujua kama ni duara kweli. Nikapima na urefu. Pistoni ndefu kupita ya asili itazuia pedi mpya kuingia. Fupi itafika mwisho wa safari pedi zikiwa bado na nyama, na inaweza kuponyoka kwenye sili. Halafu ukingo wa kitako, ule unaotangulia kuingia. Lazima uwe umelazwa kidogo na ni laini. Ukiwa mkali hukata sili siku ileile ya kufunga, na utalaumu sili. Moja kati ya nane ilikuwa na kijiwembe kwenye ukingo. Nilikisawazisha kwa jiwe laini la mafuta, sehemu ambayo sili haikai, nikairuhusu ipite.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni mfereji wa sili. Kutu hukaa chini ya pete, ndani ya mfereji, ikaiinua pete na kuibana kwenye pistoni. Ukifunga pistoni mpya na sili mpya juu ya uchafu ule, pistoni itakwama palepale, na utaapa kwamba stenlesi ni mbaya. Tulitumia nusu ya siku nzima kuchokoa mifereji minane kwa kijiti cha mwanzi na waya wa shaba, kamwe si bisibisi, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Tuliosha kwa spiriti. Fundi aliomba petroli, nikakataa. Mpira wa sili za breki huvimba ukikutana na petroli, dizeli, oili ya injini au grisi ya kawaida. Wa kuupaka ni mafuta ya breki yenyewe au grisi nyekundu iliyotengenezwa kwa ajili ya mpira. Pistoni zilizopakwa hivyo ziliingia kwa vidole gumba viwili. Ikikataa vidole imekaa upande. Itoe, uanze upya.

Jambo moja wanaouza stenlesi hawalisemi. Ikikaa na chuma cha kusubu ndani ya maji ya chumvi, stenlesi husalimika na mwenzake ndiye huliwa. Kwa hiyo pistoni haitaoza tena, lakini mdomo wa tundu unaweza kuoza haraka kuliko zamani ikiwa pete ya kufuta imechanika. Mwenye pistoni za stenlesi ndiye anayepaswa kuchunga mpira wa nje zaidi, si pungufu.

Kwa gari linalolala ndani ya kilomita chache za bahari, na kwa kalipa isiyo na akodioni, hukumu yangu ni stenlesi, iliyosagwa kwa kipimo cha asili. Gari la Dodoma au Iringa lenye mipira ya vumbi mizima, kromu nzuri mpya inatosha na chenji inabaki ya mafuta ya breki. Kama huna uhakika wa kipimo, chukua kromu ya muuzaji unayemwamini uiache stenlesi ya usiyemjua, kwa maana kipenyo kibaya hakiokolewi na chuma kizuri.

Ni mwaka wa pili sasa. Nimeshuka Lushoto mara tatu, na kila nikifika Mombo nazunguka gari na kipimajoto cha mwale: kushoto na kulia hupishana kwa nyuzi chache tu. Pedi zimeshalika karibu nusu, ukanda wa pistoni uko nje tena, unang'aa.

Siku utakapomwachia fundi gari abadilishe pedi, mwombe akuite kabla hajazirudisha pistoni ndani. Akuoneshe ukanda uliokuwa nje, upitishe ukucha. Ukisikia kijipele, mwambie aweke bisibisi chini.